Upana wa Punda

Nilikuja Amu na mchoro safi,
kila bomba na namba yake.
Mbwarali Shee akaukunjua barazani,
viatu vyetu vinne vikaushika pembe,
akauliza: "Hili sanduku la pampu, mita mbili,
litapita wapi?"

Tukaenda kupima.
Kichochoro cha nyuma ya Langoni: dhiraa mbili na shubiri.
Punda mwenye shehena ya mawe hakutusubiri;
tulijibana ukutani, utepe ukakanyagwa.
Nikaandika daftarini: upana wa punda.

Usiku nikafuta. Nikakata kituo vipande saba,
kila kipande mzigo wa mnyama mmoja,
vikaungwe kwa nati shimoni,
ambamo maji machafu ya mtaa
yatateremka yenyewe,
na bamvua likija
vali ifunge mlango, bahari isipande.

Kwa visima vya Shela nilichagua pampu yenye nguvu.
Mbwarali akatia kidole kwenye namba.
"Mai ya mtangani ni mgeni, mhandisi.
Ukimvuta mkono, huya na nduguye, chumvi."
Nikapunguza. Nusu.
Kisha robo tena, kwa shingo upande.

Miezi mitatu imepita.
Kituo hakishindi cherehani kwa kelele.
Bi Mwanatumu, ambaye kiko mlangoni pake,
hana haja na habari za injini.
Alitaka kujua tu
kwa nini mfuniko umepakwa kijani.

Sijui, Bi.
Ndiyo rangi iliyokuwapo dukani.