Jina la Saba

Kisiwani Masafuera, mbali na pwani ya Chile
hata redio hukohoa kwanza ndipo iseme,
shule ina wanafunzi sita
na daftari la mahudhurio lina majina saba.

La saba ni kichaka.
Kimoja tu, ukingoni mwa genge,
kimeng'ang'ania ufa ambao mbuzi hawaufikii.
Walijaribu. Mifupa yao iko chini, kwenye makangaga.

Mwalimu Ermelinda huita kila Jumatatu.
Custodio hutoka na darubini ya marehemu babu yake,
hutazama juu, hurudi:
"Yupo."
Mimi, mgeni niliyetumwa kuhesabu mbegu,
niliandika *kipo*.
Kichaka, kipo. Sarufi ni sarufi.

Mbegu zenyewe hazikuwapo.
Nibaldo, mtega kambakoche, alinionea huruma:
"Misimu arobaini nakipita. Hakijachanua hata siku moja.
Tasa hicho. Andika tasa, urudi kwenu."
Nikaandika.

Kila Mei meli huja kuwachukua wote,
watu, mitego, kuku, ubao wa shule,
na baridi huachiwa sili na upepo.
Mwaka ule ilichelewa siku nne.
Injini, walisema.
Unga ukaisha. Tukala kambakoche wa kuuza
asubuhi, mchana, jioni,
mpaka watoto wakalilia mkate.

Siku ya tatu Custodio alirudi mlangoni kimya.
Akampa mwalimu darubini.

Tulipanda kwa kamba, wengine kwa magoti.
Maua. Meupe, madogo kama meno ya utotoni,
yananukia shuka iliyotoka kupigwa pasi.
Nibaldo alivua kofia, asijue aiweke wapi.
Kumbe miaka yote hiyo kilingoja tuondoke,
kama mwenye nyumba anayesubiri wageni waage
ndipo afungue sanduku avae.

Tasa!
Na sisi ndio tuliokuwa tunakosa darasa.

Meli ilipopiga honi, Ermelinda alifungua daftari
juu ya kreti la kuku, akaita saba.
"Yupo," wakajibu sita.
Nami nikakata *kipo*, kalamu ikatoboa karatasi.

Leo ni Juni. Huko mvua inapiga genge.
Sijui ni nzi gani, nondo gani, atakayemfikia.
Sijui Jumatatu hii
ni nani anamwita.