Kura Zilizokataliwa

Ruai hulala tu hapa; mchana iko mjini.
Saa kumi alfajiri milango hugongana,
viatu hubebwa mkononi hadi penye lami,
na jua likichomoza hukuta mbwa
na watoto wa chekechea.

Leo hawakwenda. Leo foleni
imezunguka shule ya Mama Nduku mara mbili,
watu wa ploti moja wakijuana:
"Kumbe wewe ndiye wa mlango wa bluu?"

Mimi nilikuwa karani wa wino.
Nilichovya vidole mia nne na kumi na tisa,
vya waashi, vya mayaya, vya mabawabu
waliosinzia wamesimama.

Usiku, kwa taa ya betri, tukakunjua.
Ngazi. Ngazi. Mwiko. Ngazi. Mwiko.
Kisha moja isiyo na alama,
mwandiko umelala upande, umejaza pambizo:

*Maji yalikuwa Jumanne na Ijumaa.
Sasa hayaji kabisa.
Ni nyumba ya tatu ukipita kinu cha posho.*

Msimamizi akaisoma, akavua miwani,
akaisoma tena.
"Imekataliwa," akasema, si kwa ukali.
Wakala wa Ngazi na wakala wa Mwiko,
wasiosalimiana tangu asubuhi,
wakaitikia kwa kichwa, pamoja.
Nikaandika: *moja.*

Saa kumi milango ikagongana.
Nami nikaondoka, viatu mkononi,
nikapita kinu cha posho, nikahesabu: moja, mbili.
Mtungi wa njano ulikuwa nje,
mdomo wazi.