Pini ya Kwanza

Skrini ya marehemu Otia ina tundu pana mgongoni,
ubavu wa ndoo, juu kupana, chini kumebana,
matobo kumi na matano kwa safu tatu,
na skrubu mbili za kukaza kwa vidole.
Zama zile kitu kikishaunganishwa kilifungwa.

Kompyuta aliyoituma binti kutoka Bologna
ni nyembamba kama sahani ya jibini.
Ina kitundu kimoja tu, cha duara refu,
hakijui juu wala chini,
hukichomeka hata gizani.

Nazibrola aliviweka mezani,
akavitazama kama wakwe wasiosalimiana.

"Nunua skrini mpya," nikamwambia.
Mimi ni jirani, ghorofa ya tatu,
nimefunga simu za mezani miaka ishirini na sita;
nyaya zinanijua.
Akanionyesha kona ya chini, kushoto:
kipande cha plasta, na juu yake mwandiko wa Otia,
*usiongeze mwanga, macho.*
Nikanyamaza. Nikavaa koti.

Februari, mvua ya Kutaisi haiombi ruhusa.
Kebo ya kwanza, lari kumi na nane:
ncha hii ikaingia, ncha ile ikaingia,
skrini nyeusi tii.
Nikazima, nikawasha, nikachomoa, nikapuliza,
mwisho nikaazima miwani ya Nazibrola
nikasoma herufi za sisimizi kwenye karatasi yake.
Waya huu hupeleka kutoka tundu la zamani kwenda jipya.
Kurudi, haurudi.
Basi kuingia si kuelewana,
na umri huu wote sikuwa nimelijua hilo.

Ucha, kijana wa kibanda cha nyaya, alicheka bila ubaya.
Akanipa kijisanduku kizito kuliko umbo lake.
"Humu mna mkalimani," alisema.
"Akipata joto usiogope. Yuko kazini."

Saa moja jioni. Skrubu ya kulia, skrubu ya kushoto.
Skrini ikapepesa,
na Eteri akatokea,
uso mzima rangi ya chupa ya maji ya madini.
Sauti inatoka huku, kwenye kompyuta, uso uko kule;
mama yake hakujua ageukie wapi.
"Unaumwa?"
"Siumwi, mama. Ni picha tu."

Ugonjwa huo naujua.
Nikaichomoa kebo kuukuu, nikamulika ncha yake:
pini ya kwanza imelala,
unyasi uliokanyagwa.
Hiyo ndiyo hubeba wekundu.
Mengine yote yalifika; wekundu ulikwama mlangoni.

Nazibrola akafungua droo, akatoa penseli ya Otia,
ile ya kubonyeza, aliyochorea mabomba ya maji ya mji.
Risasi ilikwisha zamani. Mdomo wake wa chuma
una tobo la kupita uzi.
Nikaitia pini mdomoni, nikaiinua
kidogo, tena kidogo,
kama unavyomwinua mgonjwa anywe supu.
Ingekatika, ningesema nini?
Haikukatika.

Wekundu ukarudi wote kwa mkupuo:
taulo kwenye jiko la watu huko Bologna,
birika la bibi anayemtunza kwa mshahara,
kola ya sweta, midomo,
macho.
Macho mekundu, kope zimevimba,
yale ambayo kijani kilikuwa kimeyasitiri.

Eteri aliendelea kusimulia bei ya nyanya.
Nyuma ya meza mkalimani alikuwa ameshapata joto.
Nikaokota koti langu polepole.

Nazibrola akavuta kiti karibu.
Hakuuliza tena kama anaumwa.
Alikigusa kile kiplasta cha kona, kwa kidole,
kama mtu anayeomba radhi,
akaongeza mwanga.