Sindano Iliyokwama

Saa sita na robo ndipo unga unapokubali.
Kabla ya hapo ni tope tu, na joto la tanuri,
na Mzee Bwika akilaani bei ya hamira.
Kisha redio, imeota ndevu za unga,
imening'inizwa msumarini kwa kamba ya katani,
inakohoa, na sauti ya Stambuli inaingia Majengo
bila hodi, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

"Haya, wakesha. Ni Stambuli. Bado nipo."

Zaidi ya hapo hakujisema.
Aliwasema wapigaji: huyu wa besi,
sikiliza anavyochelewa kusudi,
kama mtu ajuaye deni lake litasamehewa.
Huyu wa tarumbeta kaiziba kinywa kwa kofia
amwambie mtu mmoja jambo mbele ya watu mia.
Nami, unga hadi viwikoni,
nikalicheleweshea donge kofi lake,
nikaliacha lingoje, nikalipiga baada ya pigo.
Mzee Bwika akaniuliza kama naumwa.

Wengine waliokuwa macho niliwajua kwa salamu tu:
Mbaruku, mlinzi wa maghala ya chai, Shimanzi;
Nyevu wa wodi ya wazazi;
na mtu wa Kisauni asiyetaja jina,
kila Alhamisi akiomba kipande kilekile kisicho maneno.

Usiku ule ulikuwa wa mfungo pili, joto la kuvua shati.
Santuri ikafika pale saksafoni inapopanda
vidato vinne, ikarudi.
Vinne, ikarudi.
Vinne.
Nikasema, maskini, huyu anatafuta kitu.
Nikakata madonge sitini, anatafuta.
Nikayapanga kwenye sinia, anatafuta,
nikafungua tanuri, uso ukababuka, bado anatafuta,
na vidato vile kila vikirudi si vile:
mara vyacheka, mara vyauliza,
mara ni mamangu, mwaka ule wa goti bovu,
akipanda ngazi zetu, akipumzika, akipanda.
Mzee Bwika akaweka chini pipa la maji, yeye
aliyeiita jazi kelele za mabati.
Hatukusemezana.
Boflo la kwanza liliungua lote.

Dakika kumi na moja.

Kisha mkwaruzo, kisha pumzi ya Stambuli.
"Niwieni radhi. Nilishuka kumfungulia bawabu,
mlango ukanifungia nje. Sindano imekwama
dakika kumi na moja, na simu haikulia.
Hata mmoja." Akanyamaza. Redioni
kunyamaza ni kama kufunga duka adhuhuri.
"Kumbe miaka yote nasema na ukuta."

Ningempigia. Namba niliijua kwa moyo,
aliisoma kila nusu saa kama mtu avutaye tasbihi.
Lakini mikono ilikuwa unga, na simu ya tajiri
ilikuwa na kufuli.
Ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba niliona haya.
Ningemwambiaje kuwa tulidhani ndio muziki wenyewe?
Kuwa watu wa usiku kitu kikirudia hatushtuki?
Donge hurudia. Zamu hurudia.
Kule kwa Nyevu mtoto hulia, hunyamaza, hulia.

Baada ya miaka miwili saa sita wakaipa mashine,
na matangazo ya sabuni.

Juzi alfajiri, dirishani, mtu mfupi, kanzu imefifia,
akasema, "Nipe mawili, yasiyoungua,"
na magoti yangu yakaijua sauti kabla ya masikio.
Sikupata neno. Nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole
mara nne.
Nikarudi. Mara nne.
Akautazama mkono wangu. Akalitazama tanuri nyuma yangu.
"Tulikuwepo," nikasema. "Mimi na marehemu Bwika.
Tuliunguza sinia zima."

Alikaa kimya, kile kimya chake, muda wa santuri kugeuzwa.
Halafu akasema, "Chenji yangu."
Nilikuwa nimeikamata kiganjani wakati wote.