Mwanafunzi wa Jumamosi

Jumatatu hadi Ijumaa natengeneza meno.
Sing'oi, sizibi. Natengeneza,
kwa nta na plasta, katika chumba cha chini
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichokufa hapa Łódź,
meno ya watu nisiowajua;
umri wao naukisia kwa ufizi.

Jumamosi, moja nipate, moja nikose,
napanda tramu kabla hakujapambazuka.
Mkobani kitabu, mkate wa siagi,
penseli niliyoitafuna mpaka ikaonyesha mbao:
nakwenda kuwa mtu wa shahada ya uzamili.

Darasani tu kumi na wanne.
Radosław hulinda ghala usiku, husinzia macho wazi,
kipaji ambacho chuo hakikitolei cheti.
Bogna ana mimba ya miezi minane
na tasnifu ya miezi mitatu;
anasema amechoka kuulizwa kipi kitatangulia.
Mimi nina miaka arobaini na sita. Naketi mbele
kwa sababu miwani yangu ni ya mwaka juzi.

Muhula huu tunasoma riwaya ya mjane anayengoja barua
kurasa mia tatu na kumi.
Daktari Wieczorkowska anasema barua ile ni taifa.
Nikaandika: barua ni taifa. Nikapiga mstari.

Lakini usiku, jikoni, miguu katika beseni la maji moto,
nilimkuta mjane akichemsha viazi viwili,
kimoja chake, kimoja cha asiyekuja.
Akala chake. Akakitazama kile cha pili kikipoa.
Kisha akakila nacho, upesi upesi, kama mwizi.

Nikafunga kitabu. Maji yakapoa nikiwa ndani yake.
Taifa gani hilo? Ile ni njaa.
Ile ni aibu ya kushiba peke yako.
Mwaka alioondoka Zbyszek
nilipika kwa mbili miezi mitano, mkono haujazoea hesabu mpya,
na cha pili, niseme kweli, nilikuwa nikikila.

Hayo niliyaandika katika insha, ila si ya Zbyszek.
Insha ikarudi na tatu na nusu, na wino wa kijani:
"Uko karibu mno na matini."
Sikubisha. Nitambishia nani, saa mbili usiku, kituoni, mvua?
Lakini mtengeneza meno
hukaaje mbali na mdomo?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema.
Nimeinama. Ni mwaka wa tatu huu,
na mvungu nao unazidi kurefuka.

Nakala yangu ni ya maktaba. Kuna aliyenitangulia:
mwandiko mdogo, ulioegemea kushoto, penseli ngumu.
Ukurasa wa tisa: "Muongo huyu."
Wa arobaini: "Mwache aende sokoni, jamani!"
Kwenye viazi hakuandika neno,
ila karatasi imekwaruzwa pale, kama kitu kilifutwa.
Nilimzoea. Nilianza kusoma haraka ili nimfikie.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili, akanyamaza.
Pale pana tiketi ya tramu, ya bei ya zamani,
na baada yake kurasa safi, nyeupe, zinazokwaza mkono.
Sijui alichoka na mjane, au na ada,
au mtoto aliugua, au zamu ilibadilishwa.
Watu hawaachi shule kwa mshindo.
Huacha kwa kituo kimoja:
tramu inasimama, mlango unafunguka, hawashuki.

Leo ni Jumanne. Kuna taya la juu linanisubiri,
mteja anataka jino la mbele lipinde kidogo, kama lake la ujana.
Nimelipinda. Limependeza.
Wakati wa chai nimefungua kitabu juu ya meza ya plasta,
tiketi nimeiacha palepale,
na kwenye ukurasa wa mia na kumi na tatu, pembeni,
nimeandika, kwa herufi kubwa kuliko zake:
"Bado anangoja. Nami nipo."
Kisha vumbi jeupe likaangukia maneno,
nikalipuliza.