Bado Magotini

Jumatano usiku, sahani hazijaoshwa,
nimetandaza ramani juu ya makombo ya mkate
na Balaton limelala mezani, refu, jembamba,
kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba.

Gellért anataka ukingo wa kaskazini:
maji ya kina, gati la mbao la kupigia mbizi,
na mahali pa kuegesha gari pasipo malipo.
Boglárka, miaka kumi na minne, anataka popote
ambapo hakuna mtu wa darasa lake
atakayemwona akiwa na sisi.
Vince anauliza kama bata-maji wa kule wanauma.
Nasema ndiyo. Anafurahi.

Na mama mkwe, Etelka, aliyeketi karibu na jiko
akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye,
anasema: Mimi popote.
Ninalijua hilo popote lake.
Ndani yake mna kivuli, benchi lenye mgongo,
choo kisichozidi hatua hamsini,
na muziki usiwepo.

Zamani hatukuchagua.
Dezső, mumewe, alichagua kwa niaba yetu sote
kama mtu anayenunua tikitimaji:
anagonga mara moja, anasikiliza, anabeba.
Bustani ileile miaka ishirini na mmoja,
kivuli kilekile, tikitimaji ndani ya wavu
likipoa majini, na kamba ya wavu
imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake,
naye amelala, anakoroma.
Tulinung'unika kila mwaka.
Aprili tulimzika. Sasa tuna uhuru wote wa kuchagua
na hatujui pa kuuweka.

Saa tano usiku bado nasoma.
Hii ina bembea, haina miti.
Ile ina miti, na nyigu.
Ile nyingine kiingilio chake ni bei ya viatu vya Vince.
Mchagua nazi, koroma; mchagua ziwa, tope.
Ya Dezső hakuna anayeitaja.
Kidole changu kinaizunguka kwenye ramani
kama mtu anayekwepa dimbwi.

Tukaenda kusini, pasipopendwa na yeyote,
kwa sababu hapakukataliwa na yeyote.
Bembea ilikuwa imekatika mnyororo mmoja.
Kibanda cha mikate ya kukaanga,
ile ya krimu chachu na kitunguu saumu,
kimefungwa, karatasi mlangoni: Tuko harusini.
Gellért alivua shati, akakimbia, akajirusha kwa mbwembwe,
akatua kwa tumbo kwenye maji ya kufulia leso.
Hata Boglárka alicheka, kisha akakumbuka umri wake.

Maana ziwa upande ule halina haraka.
Unatembea, unatembea,
mchanga laini kama unga uliochekechwa,
unageuka, taulo zenu zimekuwa stempu,
na maji bado magotini.

Etelka hajui kuogelea. Miaka ishirini na mmoja
alikaa kwenye benchi akitunza saa na miwani ya watu.
Sasa alivua viatu, akavipanga sawasawa
kama vya mgeni mlangoni,
akakusanya sketi yake nyeusi kwa mkono mmoja
na kuingia. Hakuaga.

Vince alizihesabu hatua zake kwa sauti
mpaka namba zikamwishia, akaanza tena moja.
Bata-maji wawili walimpisha.
Gellért aliita, Mama!
Alishakuwa mdogo kama njiti ya kiberiti
iliyokwisha kuwaka, nyeusi, wima,
na bado anakwenda.

Ndipo akasimama, akageuka,
akaweka kiganja kando ya mdomo.
Alipiga kelele jambo fulani, upepo ukala nusu.

Anasema hapa pazuri, alisema Gellért.
Anasema anarudi, nikasema mimi.
Boglárka, mwenye masikio kutuzidi sote,
alikuwa tayari majini, mbio, na suruali yake, na simu,
na alitujibu bila kugeuka:
Anauliza nani kabeba tikitimaji.