Jumanne, Mtaa wa Barton

Basi la saa mbili halikuja. Theluji ilikuwa imeanza,
ile ndogo, ya kichokozi, inayopenya ndani ya kola
kama maswali ya mawifi.
Nikaona taa nyekundu ya baa ya Dombrowski,
nikaingia nipashe vidole moto.
Hiyo ndiyo kweli. Sikwenda Hamilton yote ile kutafuta muziki.

Kiingilio dola kumi. "Nakaa kidogo tu," nikamwambia binti wa mlangoni,
naye akanigonga muhuri mkononi
kama nyama iliyopita kwa bwana afya.

Kwetu kila bendi ya dansi ilijiita jazi,
na jazi ilikuwa magitaa matatu, mashati yaliyofanana,
na baba yangu akipiga pasi suruali tangu alasiri.
Hii ni nyingine. Watu wanne
kwenye pembe isiyotosha hata kitanda:
Verna Tuckett wa saksafoni, bado kavaa buti
alizotoka nazo bohari;
Lorne kaikumbatia besi
kama mlevi anayemsindikiza mlevi mwenziwe nyumbani;
Jaspal kwenye dramu, anapitisha brashi
utadhani anapeta mchele gizani;
na mzee Aurel kwenye piano,
piano yenye kibao kimoja bubu. Wote wanakijua, anakiruka
kama tunavyoiruka ngazi mbovu ya nyumba tuliyoizoea.

Wakautandaza wimbo mezani, ukaonekana wote,
kisha wakaufumua.
Verna akaondoka nao, akakata kona, akazama vichochoroni,
nikasema basi, huyu harudi.
Akarudi. Bega lake tu ndilo lililocheka.
Jirani yangu, fundi bomba, jina lake Gord, akaniinamia:
"Huwa wanapotea makusudi."
Nikamwambia kwetu kupotea njia ndiko kujua njia.
Akaitafuna ile methali pamoja na karanga,
akaagiza bia mbili, moja yangu.

Ilikuwa baada ya mapumziko.
Zamu ya Aurel. Mkono wa kulia ulianza vizuri,
noti chache chache, mtu anahesabu chenji ya mwisho wa mwezi.
Kisha ukasimama hewani.
Si kituo cha madaha. Vile nilikwisha kuvijua.
Aliitazama piano
kama unavyomtazama mtu anayekusalimu kwa jina
nawe la kwake huna.

Hakuna aliyekohoa.
Lorne hakuinua kichwa. Alirudia pale pale,
noti nne, zile zile nne, nne tena.
Jaspal akapunguza brashi hadi ikawa pumzi,
na Verna, saksafoni ikining'inia shingoni,
akasogea hatua moja, akasimama nyuma ya kiti cha mzee
bila kumgusa.
Noti nne. Nne tena.
Hivyo ndivyo unavyomshikia mtu mlango
akiwa bado mbali na mikono yake imejaa.
Humwiti. Huangalii saa.

Sijui zilikuwa mara ngapi. Gord anasema ishirini.
Chupa yangu ilitoka jasho, ikaacha duara mezani.
Halafu kidole kimoja cha Aurel kikashuka,
kikatua juu ya kile kibao bubu.
Tok. Mti mtupu.
Akacheka. Kicheko cha mtu aliyejikwaa kizingitini
akagundua kizingiti ni chake.
Na mikono yote miwili ikaingia nyumbani.

Hatukupiga makofi pale. Tuliona haya,
au tuliona ni mambo ya ndani ya familia.
Tuliyaweka hadi mwisho, na hapo Gord
alipiga meza mpaka karanga zikaruka.

Nje nyayo zangu za kuingilia zilikuwa zimefukiwa.
Basi la mwisho lilipita, nikalipungia liende.
Nikafika kwangu, nikatoa funguo mfukoni,
nikasimama nazo mlangoni muda, vidole vikifa ganzi,
nikijaribu kukumbuka
ule wimbo ulianzaje.